Bendera za Sista

Kila mwaka, asubuhi ya kwanza magari ya mtaa wetu yanapoamka na vioo vyeupe, Sista alikuwa anafungua mlango wake, anatandaza gazeti kwenye kolido na kuanza kupaka mafuta mitego ya kuvulia samaki. Samaki wenyewe hakuwahi kuwavua hapa London, na hata wangejileta kwenye sahani yake wamekaangwa na ndimu juu, asingewagusa. Alisema wananuka. Mimi nilikuwa natoka kwenda shule, naruka gazeti lake kama mtu anayevuka mtaro, naye bila kuinua kichwa ananiambia, "Kelele, ukikanyaga bendera yangu nitakudunga sindano."

Kelele ni mimi. Si jina nililopewa na wazazi, ila ndilo alilonipa yeye kupitia ukuta, kwa sababu flati yetu na yake zimebanana na kuta za jengo letu ni kama za biskuti. Mama yangu akageuka kuwa Mama Kelele, na sasa hata kanisani kuna watu wanaomwita hivyo kwa heshima zote.

Yeye mwenyewe aliitwa Sista na jengo zima, kwa kuwa alikuwa nesi mkuu wa wodi miaka mingi, na kwetu nesi mkuu akishaitwa Sista haitwi kitu kingine tena. Mjamaika wa ghorofa ya juu alidhani ni mtawa, akawa anaacha kutukana kila akikutana naye kwenye lifti. Nilitaka kumweleza ukweli, Sista akanikanyaga mguu. "Mwache," alisema, "ameanza kuwa na adabu."

Sababu ya mimi kuandika haya kwa Kiswahili ni yeye. Nilizaliwa hapahapa Thornton Heath, na kama watoto wengine wa hapa, mama alikuwa ananiuliza kwa Kiswahili, namjibu kwa Kiingereza, maisha yanaendelea. Kwa Sista hayakuendelea. Ukimwongelesha Kiingereza alikuwa anaweka mkono sikioni na kusema, "Siku hizi sisikii vizuri." Nilibisha hodi kwa Kiingereza, sisikii. Nikaomba sukari kwa Kiingereza, sisikii. Siku moja nikamwambia kwa Kiswahili changu kibovu, kwa sauti ya chini kabisa, nikiwa nimempa mgongo, kwamba wigi lake limekaa upande. Aliligeuza papo hapo. Masikio yalikuwa mazima kuliko yangu.

Sasa hizo bendera. Kwa wale ambao hawakukua karibu na mtu wa ajabu, mtego wenyewe uko hivi. Ni mbao mbili zilizopigwa msalaba, zinakaa juu ya tundu ulilotoboa kwenye ziwa lililoganda. Katikati kuna kijiti kinachoshuka majini, chini yake kigurudumu chenye uzi, na mwisho wa uzi ni ndoana na kasamaki ka chambo. Upande wa juu kuna ukanda mwembamba wa chuma wenye kitambaa cha rangi ya machungwa. Unaukunja ukanda, unaubana chini ya kachuma kadogo ambako Sista alikaita kidole. Samaki akivuta kule chini, kigurudumu kinazunguka, kidole kinageuka, ukanda unaachiliwa, na bendera inasimama wima. Wewe wakati huo umekaa mbali kwenye kibanda chenye moto, unakunywa chai. Unaona rangi, unakimbia.

"Kwa hivyo ni kuvua kwa kivivu," nilimwambia.

"Ni kuvua kwa kungoja. Uvivu ni wewe na kile chumba chako."

Alijifunza kaskazini kabisa mwa Kanada, kwenye mji mdogo alikoenda kufanya kazi ya unesi kwa mkataba mfupi, akakaa mpaka nywele zikabadilika rangi. Mpishi wa hospitali, mama mmoja wa hukohuko, alimwona siku za mapumziko amekaa dirishani analia, akamvika makoti mawili na kumpeleka ziwani. Sista, ambaye hajui kuogelea, ambaye hata beseni la kuogea alilijaza hadi kwenye vifundo vya miguu tu, alitembea juu ya ziwa siku hiyo na hakuogopa. Nilimuuliza inawezekanaje. Akasema maji ni maji, ila barafu ni sakafu, na yeye anaamini sakafu. Alipostaafu akaja London kuwa karibu na mwanawe. Alibeba bendera zote kwenye sanduku, na nguo akaziacha.

Halafu akakuta London hakugandi.

Hilo lilimkera kuliko kodi, kuliko mabasi, kuliko mhubiri wa kanisa lao kule Peckham ambaye mahubiri yake aliyalalia kila Jumapili na kuamka kwenye amina. Alisema baridi ya Kanada inakuja mlangoni na kujitambulisha, hii yenu inaingia kama mwizi. Kila baridi ilipozidi alikuwa anapakia bendera moja kwenye kigari chake cha sokoni, anashika fimbo, tunaenda kwenye kidimbwi cha bustani. Anapiga barafu ya ukingoni kwa fimbo, anasikiliza kama daktari anayegonga kifua, halafu anatoa hukumu. "Hii si barafu. Hii ni ngozi ya maziwa." Tunarudi nyumbani. Bata wanatuangalia tukienda.

Siku moja kijana mmoja alikuwa anajionyesha kwa wenzake, akaweka mguu juu ya ile ngozi ya maziwa. Sista alifoka kwa Kiswahili, mbele ya bustani nzima, "Toa huo mguu! Mama yako amekulea wewe uje ufie kwa bata?" Kijana hakuelewa hata neno moja, lakini mguu aliutoa. Akasema sori. Sista akamwambia avae kofia.

Mimi nilikuwa samaki wake wa mazoezi. Usicheke, ilikuwa kazi ngumu. Alikuwa anaweka bendera sebuleni juu ya kiti, uzi unapita mlangoni hadi bafuni, na mimi nakaa ndani ya beseni kavu na sare ya shule nikivuta. Kabla ya yote lazima tupime kina. Unafunga kitu kizito kwenye ndoana, unakishusha hadi chini kabisa, unakipandisha kiasi cha mkono mmoja ili chambo kisilale topeni, kisha unatia alama kwenye uzi kwa kifungo cha shati. Kwenye beseni letu kina kilitoka kwenye kizibo hadi kwenye goti langu, na Sista alikipima kwa uso wa mtu anayepima ziwa.

"Vuta!" alipiga kelele kutoka sebuleni.

Nilivuta.

"Huyo ni samaki au ni basi? Utaning'olea kiti!"

Nilivuta kidogo.

"Huyo ameaga dunia. Vuta kama mtu mwenye njaa lakini mwenye mashaka."

"Sista, samaki wana mashaka?"

"Wenye akili wanayo. Wewe hungemaliza siku."

Kazi yote, alisema, iko kwenye kidole. Kidole kina upande laini na upande uliochongwa kamfereji. Ukibana bendera upande laini, samaki akigusa tu inasimama, lakini na upepo ukigusa inasimama vilevile, nawe utashinda unakimbia juu ya ziwa bure. Ukiibana upande wa mfereji, upepo hauiwezi, lakini samaki mdogo akivuta anahisi ukinzani, anatema chambo na kwenda zake. Wewe kibandani unakunywa chai ukidhani ziwa limelala. Kwa hiyo unatazama hewa, unafikiria ni nani unayemngoja, unageuza. Ukishindwa kuamua, alisema, weka laini. "Afadhali miguu iume."

Kwenye unesi alikuwa na msimamo huohuo. Wodini kwake, mgonjwa aliyepiga kengele ovyo hakugombezwa. Aliyegombezwa ni yule aliyevumilia. Alinisimulia habari za bwana mmoja mpole ambaye hakutaka kusumbua manesi, akakaa na maumivu usiku kucha, asubuhi wakamkuta hawezi kusema. "Nilimgombeza huyo mtu mpaka nikalia," Sista alisema. "Kengele si pambo. Ukiumwa, piga."

Shika hilo. Nitarudi hapo.

Maana Sista huyohuyo, mwanawe akipiga simu kutoka Ilford, alikuwa anadanganya kama mimi ninavyodanganya kuhusu kazi ya hesabu. "Nimekula, ndiyo. Wali na mboga." Mezani kuna biskuti. "Goti? Goti gani? Zima kabisa." Goti limefungwa bandeji kama zawadi ya Krismasi. Nilikuwa nakohoa kwa makusudi ili Anko, huyo mwanawe, asikie kuna mtu, aulize, na Sista ananirushia mto.

Ule mwaka alipoanza kuanguka, mara ya kwanza ilikuwa jikoni. Alikaa chini tangu asubuhi hadi mama aliporudi kazini jioni na kumsikia akigonga ukuta kwa kijiko. Hakuvunjika, ila ilikuwa vibaya vya kutosha. Anko alikuja siku hiyohiyo. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningemchora pembe na mkia na kumaliza. Lakini alikaa kwenye sofa ya mama yake na koti lake la kazini, akashika kichwa kwa mikono miwili na kusema kwake kuna ngazi na watoto na hakuna mtu mchana, na kwamba karibu naye kuna nyumba nzuri ya kutunzia wazee.

"Mimi nimetunza watu," Sista alisema. "Najua nyumba nzuri ikoje. Siendi."

Walimletea kile kidude cha kuvaa shingoni ambacho ukikibonyeza mtu anaongea kutoka mahali pasipojulikana. Alikijaribu mara moja akiwa mzima kabisa, kukipima tu. Sauti ikamuuliza kwa Kiingereza kama yuko salama. Akajibu, "Siku hizi sisikii vizuri," akakitundika kwenye msumari karibu na kalenda ya kanisa.

Halafu akatuambia atatumia bendera.

Alipiga hesabu yote kichwani. Uzi ulipita chini kabisa ukutani, kwenye pete za pazia zilizopigiliwa karibu na sakafu, bafuni, chumbani, sebuleni, jikoni. Nilimuuliza mbona chini hivyo, wakati yeye anaumwa goti. "Mtu haangukii juu," alisema. Kutoka jikoni uzi ulitoka dirishani kwake, ukaingia dirishani kwetu, kwa sababu madirisha ya jikoni yako bega kwa bega. Bendera yenyewe ilikaa juu ya friji yetu. Dirisha halikufungika vizuri tena, na mama alipika ugali akiwa amevaa koti, lakini alikubali. Mama anatunza wazee wa watu wengine kuanzia alfajiri, nyumba hii hadi ile. Alisema haiwezekani aoshe nusu ya Croydon na kumwacha wa mlango wa pili.

Anko aliitazama ile bendera juu ya friji muda mrefu. "Mpaka Pasaka," alisema. "Mama, ukianguka tena na mtu asijue, tunaenda Ilford. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Sista alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshashinda.

Aliibana upande laini.

Wiki zile za kwanza nilikimbia kuliko timu nzima ya shule. Bendera inasimama, tap! Naacha mkate, naacha simu, naacha sabuni usoni, nachukua ufunguo wetu wa akiba, nafungua mlango wake nikihema. Na kutoka jikoni sauti inaimba, "Ni upepo tu!" Kila mara, upepo tu. Na kila mara kulikuwa na sufuria ya chai ya maziwa imechemka, na vikombe viwili mezani.

Siku moja nilikuwa nimetazama nje kabla ya kukimbia. Kijana wa chini alikuwa anavuta sigara yake ya umeme pale kwenye mapipa, na moshi ulikuwa umesimama hewani kama umeambiwa ungoje.

"Upepo gani, Sista?"

"Wa humu ndani," alisema, akanisogezea kikombe.

Sikumchokoza zaidi. Mimi, ambaye humchokoza hata mhubiri. Nilikunywa chai, nikala biskuti zake zote, akanilalamikia kuhusu biskuti, nikaenda zangu. Tulifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nikamwachia upepo wake.

Tatizo ni kwamba upepo wa kweli nao ulikuja. Januari ilivuma mpaka vibao vya maduka vikawa vinapiga makofi. Bendera ilisimama mama akiwa ameshavaa viatu, akaenda, upepo. Kesho yake tena, upepo. Basi likamwacha, na basi likikuacha Thornton Heath asubuhi siku nzima imekuacha. Meneja wake akampigia. Mama alikuwa jikoni, anaongea kwa ile sauti yake ya kazini, ya kujikunja. Ndiyo, naelewa. Ndiyo, hili ni onyo, naelewa. Haitatokea tena.

Nimeshasema kuta zetu ni za biskuti.

Sista alikuja kwetu jioni ile na koleo mkononi. Hakukaa. Alipanda kwenye kiti, goti na yote, akageuza bendera upande wa mfereji, kisha akakikunja kile kidole kwa koleo ili kibane zaidi.

"Sista," nilisema, "samaki mdogo si atatema?"

"Mimi si samaki mdogo."

"Ulisema ukishindwa kuamua, weka laini."

"Nilisema hivyo ziwani. Hapa kuna mtu anatafuta riziki."

Mama alimwambia aache, kwamba kazi ni kazi tu, atajieleza. Sista akamwambia, "Mama Kelele, nyamaza, nafanya kazi." Akarudi kwake, akaingia bafuni, akavuta kujaribu. Bendera ilisimama. Alimpigia Anko mbele yetu kumwambia mtambo sasa hauna kasoro. Ila mimi nilikuwa nimeshikilia mlango na nilimwona. Alivuta akiwa amesimama, amevaa viatu, kwa mikono miwili.

Chai za upepo zikaisha. Bendera ililala juu ya friji siku baada ya siku, nyumba ikawa na amani, na mama aliwahi basi. Nilikuwa naisalimia asubuhi. "Habari za asubuhi, samaki." Hata asubuhi ile niliisalimia. Nilikula mkate nimesimama mbele yake, nikaimba wimbo wangu wa kijinga wa kutafuta soksi, nikaenda shule.

Niliporudi mapazia ya Sista yalikuwa bado yamefungwa. Sista alikuwa anafungua mapazia kabla hata ya kuvaa meno. Nilipanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa inafikiria, nikafungua kwa ule ufunguo, na hakuna aliyeimba kwamba ni upepo.

Alikuwa bafuni, sakafuni, upande wa mlango. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na midomo imekauka. Ule uzi alikuwa ameuzungusha kwenye kidole chake cha shahada, mara kadhaa, kama mtu anayesuka. Alinitazama na kusema kitu cha kwanza kabisa:

"Kelele, usipige kelele."

Nilipiga. Nilipiga simu, nikapiga mlango wa Mjamaika, nikampigia mama. Wakati tunangoja gari la wagonjwa nilimfunika kwa taulo zote na koti langu la shule. Alinielekeza jinsi ya kumlaza, nesi mpaka mwisho. Kuhusu bendera hakusema kitu. Walipombeba, mmoja wao alilazimika kukata uzi kwa makasi.

Nyonga. Hospitali, kisha Ilford, kabla ya Pasaka. Hakubisha. Anko ndiye aliyelia.

Mama alinikuta siku moja nimelala kwenye sakafu ya bafu la Sista, flati haijakabidhiwa, navuta mabaki ya ule uzi ambao nilikuwa nimeuunga tena. Alilala chini akavuta yeye, na mama yangu huinua watu kwa kazi, tukaisikia bendera ikisimama kule kwetu kupitia ukuta. Nikaenda kuikunja tena, nikarudi, nikavuta mimi kwa kidole kimoja. Haikusimama. Tukakaa hapo chini, yeye na sare yake ya kazini, tukitazama chini ya beseni.

"Alivuta ikakataa," nilisema, "au hakuvuta?"

"Usimuulize," mama alisema.

Nilingoja. Kwa mtu anayeitwa Kelele, nilingoja sana. Nilikwenda na mama mara kadhaa, tukaongea habari za hali ya hewa na chakula. Halafu Jumamosi moja mama akawa na kazi, nikaenda peke yangu, treni moja halafu nyingine, na bendera moja ndani ya begi la michezo.

Ile nyumba ni nzuri kweli. Kuna joto, kuna harufu ya mchuzi wa kahawia, kuna televisheni ambayo haiangaliwi na mtu. Mhudumu mmoja, dada wa Kighana mwenye kicheko, alinipeleka chumbani. Akaniambia kwa upendo kabisa kwamba huyu mama ni mtu mzuri sana, hasumbui, hajawahi kupiga kengele hata mara moja. Kengele nayo ilikuwa pale, imening'inia kando ya kitanda kwa kamba nyekundu, imefungwa fundo zuri ili isiguse sakafu.

Sista alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, bila wigi, kichwa kidogo kama cha mtoto. Alinitazama kuanzia viatu.

"Umekuja peke yako? Nani atakunyamazisha?"

"Nimeleta samaki na chipsi."

"Toka."

Tulicheka. Akaniuliza mtihani, nikamdanganya. Nikamuuliza goti, akanidanganya. Dirisha lilikuwa wazi kidogo na pazia lilicheza. Kisha nikamuuliza, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ili asije akasema hasikii.

"Siku ile, Sista. Ulivuta?"

Hakukasirika. Alinyoosha kidole chake cha shahada akakitazama.

"Uzi ulikuwa mkononi," alisema. "Nilisikia mama yako anafunga mlango. Nikasema, aende kazini kwanza. Kisha nikakusikia wewe na ule upuuzi wako wa soksi. Nikasema, aende shule kwanza. Halafu jengo likanyamaza."

Mimi huwa na la kusema. Mwalimu wangu anaweza kuapa mahakamani. Siku hiyo nilifungua begi, nikatoa mbao kutoka katikati ya viatu vya michezo, nikazipiga msalaba juu ya ukingo wa dirisha, karibu na kiti changu. Nilivuta uzi chini ya kitanda, nikauzungusha kwenye kidole chake.

"Umeweka upande gani?" alisema.

"Wa mfereji. Kama ulivyoacha."

Alivuta. Niliona mshipa wa mkono wake ukijitokeza na kurudi. Bendera ililala tu. Alivuta tena, akafumba macho kabisa. Haikutikisika.

Tukaitazama wote wawili.

"Geuza," alisema.

Nikageuza upande laini. Akavuta. Ikatikisika, haikusimama.

"Kinyooshe kidole cha mtego. Kidogo. Kidogo, nimesema, huvunji mti! Hapo."

Akavuta, ikasimama. Nikaikunja tena. Mhudumu akafungua mlango kuleta chai, ikasimama yenyewe, akashtuka mpaka akamwaga maziwa. "Ni upepo," Sista alisema. Nikaikunja. Nikapiga chafya, ikasimama. Pazia likapepea, ikasimama. Ilikuwa imelegea kiasi kwamba ungeitukana ingesimama. Nilimwambia hii sasa ni bure, haifai hata kwa bata.

"Funga dirisha," alisema, "na uiache hivyohivyo."

Nilifunga dirisha. Nilifunga na mlango. Nikatoa kazi ya hesabu, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi mama, nikainama juu yake. Sista aliegemeza kichwa na kufumba macho. Kolidoni mtu alikuwa anasukuma kigari cha vikombe kikaenda, kikaenda, mpaka hakikusikika tena. Hakuna kilichosogea chumbani.

Tap!

Kitambaa cha machungwa kilisimama mbele ya pua yangu. Sikugeuka mara moja.

"Upepo, Sista?"

Alifumbua macho.

"Dirisha umelifunga mwenyewe," alisema. "Ni mimi."